Kimya cha Siku Tatu

Usijifanye hukuona. Uliona. Maandishi yalikuwa mbele ya macho yako, wazi kama nguo kwenye kamba, nawe ukapita ukitazama pembeni. Uliulizwa "Umesoma?" ukabonyeza kwamba umesoma. Uliulizwa "Unakubali?" ukakubali, maana ulikuwa na haraka ya kuingia ndani uone picha za harusi ya mtu. Ukishaingia ukajiambia: wapo watu wanaoyaangalia mambo haya. Lazima wapo.

Basi sikiliza habari za hao "wapo".

Kopriva ni vijiji viwili vyenye jina moja. Kopriva ya Juu imekaa mgongoni mwa kilima pamoja na kanisa na makaburi. Kopriva ya Chini imelala bondeni kando ya kijito, na juu ya kijito, huko korongoni, pana bwawa la tope la mgodi. Ni ukuta wa udongo tu, na nyuma yake makapi yote ambayo kampuni imeyatema tangu ianze kuutafuna mlima wetu. Ukuta wa kwanza ulipasuka zamani, vikongwe wa leo wakiwa watoto. Tope likachukua nyumba saba na waliokuwamo. Kampuni ikaleta shada la maua na katoni za sabuni. Sabuni! Wako waliosahau. Sisi wengine hatusahau, hata watuletee kiwanda kizima cha sabuni.

Baada ya hapo watu wa Chini wakaanza zamu. Mvua ikishika, mtu mmoja hukaa korongoni na moto wake, chupa yake, na bati la kugonga. Miaka nenda, miaka rudi. Walipata mafua, wakatukanana, wakaibiana kuni, lakini wenzao walilala.

Mpaka ikaja Zamu nyingine, ile ya kwenye simu.

Aliyeyaanzisha haya ni Zagorka, mwalimu wa hesabu wa shule ya Juu, mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kung'ata kifuniko cha kalamu mpaka kiishe. Mwaka jana, siku ya Mtakatifu Dimitri, alikuwa mezani kwa binamu yake Ognjen, fundi umeme. Dimitri ndiye somo wa nyumba ile. Kwetu kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ikifika hakuna anayealikwa. Mlango huachwa wazi, aliyekuja amekuja. Ukimwuliza mgeni "Nani kakuita?" umeivua nyumba yako nguo.

"Tufanye kama leo," Zagorka alisema siku ile, uso umemwiva kwa rakija, pombe kali ya matunda. "Ognjen atengeneze vipimo vya maji, mimi niandike programu, na mlango tuuache wazi. Iwe programu huria, anayetaka asome, anayetaka asaidie, awe wapi awe. Bila kuulizwa nani kamwita."

"Na tukibishana?" akauliza Ognjen. "Maana sisi tukikutana wawili, hoja huwa tatu."

"Mtu akileta badiliko, tunaliweka wazi siku tatu. Anayepinga apinge. Asipopinga mtu, limepita. Vinginevyo hatutamaliza hata jina."

Wakagonga glasi. Ilionekana sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliiona nzuri. Sheria mbaya huwa hazitishi zikiwa changa, kama watoto wa nyoka.

Sasa mwaka umezunguka. Mvua imenyesha tangu Jumatano bila kuvuta pumzi, na Zagorka anapanda kilima kwenda kwa Ognjen, mwavuli mkononi, akikariri hotuba yake. Wamemwomba aseme machache juu ya mwaka wa Zamu kabla mkate wa sikukuu haujakatwa.

Alikuwa na ya kusema. Vipimo vitatu vilifungwa kijitoni: kimoja darajani, kimoja penye mwerezi ulioanguka, kimoja chini kabisa ya ukuta. Mke wa kasisi alizisahihisha sentensi zote, akafuta neno "janga" kila mahali akaweka "maji yanakuja, panda", kwa sababu, alisema, mtu aliyeshtuka usingizini hasomi insha. Dereva mmoja wa lori aliyehamia Austria alichora ramani ya njia za kupandia kutoka kumbukumbu ya utoto wake, na alikumbuka hata ua wa bibi mmoja ambao mbao zake hutoka ukizivuta. Watu wasiojuana walikesha wakirekebishana makosa. Bonde moja Bosnia likaichukua Zamu, kisha la pili, kisha kijiji cha wachimba dhahabu Romania. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeamrishwa. Zagorka alipofikiria hayo furaha ilimjaa, naye akajikaripia: usilie mbele ya Srboljub, dereva wa malori ya mgodi, atakutania mpaka Pasaka.

Na kulikuwa na kisa cha nguruwe, nacho hangeweza kukiruka. Mwezi wa tatu nguruwe mwitu alijikuna kwenye nguzo ya kipimo cha darajani, kipimo kikapiga kelele, na Kopriva ya Chini nzima ikapanda makaburini alfajiri na nguo za kulalia. Srboljub alipanda na gauni la mkewe, lenye maua. Watu walicheka mwezi mzima, lakini ndani ya kicheko mlikuwa na aibu, na aibu ya wanakijiji ni kitu kizito kuliko tope. Baada ya hapo ndipo Jirani alipoleta badiliko lake.

Jirani ndilo jina alilojiita kwenye programu. Alikuja majira ya baridi, mpole, mchapakazi, akasafisha msimbo wa programu uliokuwa umefungamana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Kiangazi wakamfanya mlinzi wa tatu wa Zamu, pamoja na Zagorka na Ognjen.

Zagorka akafika. Kwenye kizingiti viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa ukutani, kama ilivyo desturi, jozi kwa jozi, vyeusi vimelowa, vimeganda matope ya kahawia ya njia ya kanisani.

Jozi moja ilikuwa ya manjano.

Alisimama na mwavuli wake unadondoka. Ilikuwa manjano ile ile, ya kiini cha yai, imepanda hadi kwenye kamba za viatu. Udongo wa kilima hiki hauna rangi hiyo. Rangi hiyo inatoka mahali pamoja tu duniani: nyuma ya ukuta wa bwawa.

Moyo haukumwenda mbio. Ulisimama, kama anavyosimama sungura.

Akatoa simu. Hakuna mlio uliokuwa umepigwa, na kioo kilikuwa kitulivu. Akaifungua Zamu. Kipimo cha darajani kilikuwa chekundu, maji yamepita alama tangu asubuhi. Na chini ya hiyo nyekundu, kwa maandishi madogo ya adabu: *Inasubiri kipimo cha pili kithibitishe.*

Akaingia na viatu vyake.

Ndani kulikuwa na joto na moshi wa nyama. Mshumaa mrefu wa somo ulikuwa unawaka katikati ya meza, pembeni mkate, ngano ya kuchemsha na divai nyekundu. Wageni walijaa hadi dirishani. Ognjen alikuwa amesimama na sinia, kwa sababu mwenye sikukuu haketi siku ya somo wake. Anahudumia wima mpaka mwisho.

"Mwalimu!" akapaza sauti Srboljub, mdomo umejaa kabichi ya nyama. "Tumekungoja. Hotuba ni ndefu? Maana nikisinzia naota naendesha, na nitapiga honi."

"Viatu vya manjano ni vya nani?"

"Lo, amekuja kukagua viatu! Ni vyangu. Nisamehe, sikupata boti."

"Umepita wapi?"

"Darajani, nitapita wapi, hewani? Maji yalikuwa yanapita juu ya mbao kidogo." Akaonyesha kwa vidole. "Kidogo hivi."

"Ya manjano?"

"Mwalimu, ni mvua."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini?" Sasa hakuwa anatafuna. "Zamu haijalia. Ingekuwa jambo si ingelia?"

Wengine wakaitikia. Ndiyo, ingelia. Kila mmoja akatazama simu yake mezani kati ya sahani, na kila simu ilikuwa imenyamaza, na kunyamaza kwake kukawatuliza. Zagorka aliwaona wakitulia. Hilo lilimtisha kuliko matope.

Akamvuta Ognjen hadi mlangoni pa jikoni. "Kipimo cha mwerezini kiko wapi?"

"Karakana kwangu. Betri ilikufa, nikangoja nyingine."

"Tangu lini?"

"Kiangazi. Ilikuwa kavu, Zaga, nani angejali?"

"Na cha chini ya ukuta?"

"Kilisombwa mwezi wa tisa. Niliandika kwenye kundi. Hukuona?" Akamtazama vizuri. "Kimebaki cha darajani, lakini hicho kizima kabisa, nilikipima juzi. Kimoja si kinatosha kulia?"

"Hakitoshi. Zamu hailii mpaka vipimo viwili vikubaliane."

"Nani kasema?"

"Jirani. Baada ya nguruwe."

"Ah, lile. Kumbe ndilo lilikuwa linasema hivyo?" Akaliweka sinia chini. "Lilikaa siku tatu, hakuna aliyepinga. Nikajua umelisoma. Wewe husoma kila kitu."

"Nilikuwa hospitali na baba, wanamwekea nyonga ya chuma. Nililisoma limeshapita, nikajua umelikubali wewe."

Walitazamana. Huyu alijua vipimo vimekufa, yule aliijua sheria, na kati yao palikuwa na pengo la kupita bonde zima. Na yote yalikuwa wazi! Siri haikuwepo. Mtu yeyote wa Bosnia, wa Romania, wa Austria, angeweza kuyasoma akinywa kahawa. Ukiwa na mlango usio na kufuli, kila mtu hudhani mwingine ameketi ndani.

"Huyu Jirani ni nani?" akauliza Zagorka.

"Si rafiki yako? Wa chuo?"

"Sijawahi kumwona. Nilidhani ni mtu wako."

Ognjen akatikisa kichwa. Nyuma yake wageni walikuwa wanacheka jambo. Zagorka akahesabu: karibu mwaka mzima mgeni amekaa mezani kwao, amekula, ameshika funguo, na hakuna aliyemwuliza nani kamleta, kwa kuwa kuuliza ni aibu. Huenda ni kijana mwema wa mji wa mbali anayechukia fujo. Huenda anakunywa chai yake ofisini mwa kampuni. Hofu iko hapo hapo, kwenye huenda.

Akampigia baba yake. Tanasije aliishi nyumba ya pili kutoka darajani, peke yake, na nyonga yake ya chuma. Simu iliita sana.

"Baba, toka humo. Panda juu sasa hivi."

"Zaga? Mbona unapiga kelele, mwanangu? Nimejilaza. Mguu unauma na mvua hii."

"Maji yamefika wapi?"

"Nitajuaje? Nimefunga pazia. Mwambie dada yangu aniwekee kipande cha nyama, nitakuja mvua ikikatika."

"Baba, ukuta unavuja. Inuka!"

"Kungekuwa na jambo simu ingelia." Aliongea kwa upole, kama anayemtuliza mtoto. "Iko hapa juu ya mto, sikioni, chaji imejaa. Wewe mwenyewe uliniambia: baba, miaka yote umelala jicho moja wazi, sasa lala. Nimejifunza kulala uzeeni, halafu unaniamsha?"

"Imeharibika! Haitalia!"

"Haijaharibika. Si unaongea nayo?" Akacheka kidogo, akakata.

Alipopiga tena, hakupokea. Kushuka kwa miguu ni nusu saa kwenye njia kavu. Na bondeni hakuwa baba yake peke yake; kulikuwa na nyumba arobaini, zote zimelalia sikio moja. Akipiga simu moja moja watasema mwalimu kapandwa na wazimu, nguruwe karudi. Ni sauti moja tu waliyoapa kuitii bila kuuliza, na sauti hiyo yeye mwenyewe aliwafundisha kuingoja.

Kulikuwa na njia ya kuilizia Zamu kwa mkono. Lakini hata hiyo waliiwekea sheria, ili mtu mmoja asiweze kuwatia watu kiwewe, wala kununuliwa: lazima walinzi wawili wabonyeze ndani ya dakika moja. Zagorka akabonyeza.

Kioo kikaandika: *Mlinzi mmoja amekubali.* Kisha, haraka mno, kana kwamba mtu alikuwa ameketi akingoja, maneno mengine yakatokea. *Jirani: Kuna nini? Ni kipimo kimoja tu. Tusubiri.*

Akamgeukia binamu yake. "Ognjen. Toa simu yako. Bonyeza."

Ognjen alitoa simu. Hakubonyeza. Alitazama meza, wageni waliotulia sasa wakisikiliza, kisha mshumaa, kisha mama yake.

Shangazi Kosana alikuwa mkuu wa meza, kitambaa cheusi kichwani, mikono miwili juu ya kitambaa cha meza kama mtu anayekizuia kisipeperuke.

"Mnanong'ona nini siku ya somo?" akasema.

"Shangazi, inabidi tuwapandishe watu wa Chini. Na hawa waliomo humu washuke wasaidie. Sasa."

"Mkate haujakatwa."

"Najua."

"Toka nimeolewa nyumba hii mshumaa haujaachwa peke yake. Hata wakati wa vita. Hata mume wangu alipokuwa kwenye jeneza chumba cha pili, wageni walikaa mpaka ukaisha. Unataka kuwafukuza watu nyumbani mwa Dimitri kwa sababu ya simu isiyolia?"

"Mwalimu," Srboljub akajaribu kucheka, "nipe muda nikachukue lile gauni. Limepigwa pasi."

Watu wachache walicheka. Wengine walitazama sahani zao. Zagorka aliwapitia uso kwa uso: muuza duka, fundi seremala, mke wa kasisi mwenyewe. Alikuwa anatafuta neno moja. Hakuna aliyesema ndiyo, na hakuna aliyesema hapana. Walikuwa wanangoja mtu. Alikijua kimya hicho. Alikuwa amekiandikia sheria.

*Dakika imepita,* kioo kikasema. *Ombi limefutwa.*

Akatoka hadi kizingitini, akakiokota kiatu kimoja cha Srboljub, akarudi, akakibwaga katikati ya meza, kati ya mkate na mshumaa.

Mwanamke mmoja alipiga kelele. Divai ilimwagika. Matope yalichirizika juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa na bibi waliokufa, na Ognjen akasema "Zaga!" kwa sauti ya mtu aliyechomwa.

"Toa uchafu huo," alisema Kosana, akiinuka. "Toa kwenye meza ya mtakatifu, mwana laana we—"

Hakumaliza. Harufu ilikuwa imemfikia. Haikuwa kali, ilikuwa ya njiti za kiberiti na yai viza, imechanganyika na moshi wa mshumaa. Kikongwe aliinama juu ya kiatu. Akagusa tope kwa ncha ya kidole, akalisugua. Lilikuwa laini kama unga.

Alikuwa mtoto wa miaka sita ukuta wa kwanza ulipopasuka. Yeye na kaka yake Tanasije walipitishwa dirishani. Mama yao hakupita. Walipompata, Kosana alipewa kazi ya kumwosha nywele, kwa ile sabuni ya kampuni, na harufu haikutoka.

"Yuko wapi kaka yangu?" aliuliza.

"Amelala, Shangazi. Anangoja ilie."

Kosana alishika ukingo wa meza. Ghafla hakuwa mkuu wa meza tena, alikuwa mtoto wa dirishani. "Ognjen," akasema, "zima."

"Mama—"

"Zima mshumaa, mwanangu! Dimitri alikuwa askari, ataelewa!"

Ognjen akamimina divai juu ya mwali wa mshumaa, ukafa kwa mlio mdogo. Akabonyeza. Zagorka akabonyeza.

Kila simu ndani ya nyumba ikalia kwa pamoja. Zililia mezani zikirukaruka kati ya sahani, zikalia ndani ya makoti ukumbini, zikalia jikoni kwenye mfuko wa aproni. *Maji yanakuja, panda.* Mlio huo Zagorka aliuchagua mwenyewe, na hakuwahi kuusikia ukitoka kwenye simu nyingi hivi. Ulikuwa kama mnyama. Halafu, kwenye pengo la kuvuta pumzi, ukasikika ule ule ukipanda kutoka bondeni, hafifu, nyumba arobaini zikilia chini ya mvua.

Sasa walikimbia. Srboljub alikimbia mbele ya wote, kiatu kimoja mguuni, mguu mwingine na soksi. Zagorka alishuka nyuma yake akianguka na kuinuka, akishika vichaka. Njiani walikutana na watu wanaopanda: bibi na kuku wawili makwapani, mwanamke na mtoto ndani ya koti lake, wanaume wakivuta ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Akamtazama kila anayepanda, akimtafuta mzee mmoja mwenye fimbo. Hakuwemo. Hakuwemo. Kijito kilikuwa kinanguruma kwa sauti nene isiyo ya maji, na daraja halikuwepo tena.

Kwenye kona ya ua wa mbao zinazotoka alimwona Srboljub akipanda, magoti yamekunjika, amembeba Tanasije mgongoni kama gunia.

"Mjomba, mshukuru Mungu umekonda," alikuwa anahema. "Ungekuja kwenye sherehe kila ukialikwa ungekufa leo."

"Hakuna anayealikwa, pumbavu," Tanasije akasema. Alikuwa ameishika simu kifuani kwa mikono miwili, bado inalia. Alipomwona binti yake akainua kichwa. "Umeona? Si nilikwambia italia?"

Zagorka akaushika mguu wa baba yake uliolowa, akapanda naye.

Ukuta haukuanguka wote. Ulimegeka ubavuni. Tope liliijaza safu ya kwanza ya nyumba hadi madirishani, na jikoni kwa Tanasije likapita mlango, likapita kitanda, likakaa sawa na mto aliokuwa amelalia. Hakuna aliyekufa. Kesho yake mtu wa kampuni alikuja na buti mpya akasema ni mchuruziko wa kawaida wa msimu. Safari hii hakuleta hata sabuni.

Ukuta uliobaki umevimba tumbo. Unaweza kuuona kutoka makaburini. Sasa tuna zamu ya watu tena, moto na bati, pamoja na vipimo vitatu vizima. Badiliko la Jirani tumeliondoa kwetu. Yeye hakuandika tena tangu siku ile. Alitoka kama alivyoingia.

Lakini Zamu imeshachukuliwa na mabonde mengine, kila bonde na nakala yake, na kwenye nakala hizo badiliko lile bado limo. Zagorka amewaandikia wote. Wengi hawajafungua. Bonde moja lilijibu: "Asante, tutaangalia." Haikariri tena hotuba yake, halali vizuri, akisikia mvua huinuka, akaenda dirishani na kalamu mdomoni, akiwaza ni mzee gani, wapi, amelalia sikio lake na kuamini. Ameweka pendekezo jipya, fupi, sentensi moja: *Kimya si ndiyo.* Kwamba kuanzia sasa badiliko lisilosemewa na mtu kwa jina lake halipiti. Ili sheria ya msingi ibadilike, lazima nusu ya wote wanaoitumia Zamu waseme neno. Mpaka leo hawajafika robo. Kura inafungwa kesho jioni, na huko Bosnia, wanasema, mawingu yameshaanza kukaa.

Na wewe umesoma mpaka hapa, kwa hiyo huwezi tena kusema hukujua. Unayo simu mkononi. Ndani yake kuna kitu ambacho wewe na mama yako mnakilalia, ambacho mlango wake uko wazi, na hujawahi hata mara moja kuchungulia uone nani ameketi ndani. Usimtazame aliye pembeni yako. Naye anakutazama wewe. Kifungue. Kisome. Uliza nani kamleta mgeni, hata kama ni aibu. Kisha nenda kwenye pendekezo la Zagorka, uandike jina lako lote, jina ulilopewa na wazazi, na useme ndiyo au useme hapana, lakini useme. Si ukimaliza chai. Sasa.